Mtoto Si wa Dharura, Dawati Lake Limekuwaje la Dharura?

Wanachuo wenzangu, kuna imani moja tunayoibeba kuhusu biashara ndogo, kwamba zinakufa kwa kukosa wateja. Mtu akifunga karakana yake tunasema, "Biashara imebuma, wateja hakuna." Mimi nimekulia Usagara kabla ya kuhamia geto huku karibu na chuo, na kwa hili nabisha. Wapo mafundi ninaowafahamu pale ambao hawakuangushwa na ukosefu wa wateja. Waliangushwa na mteja mmoja mkubwa aliyekuja mara moja, akataka kila kitu ndani ya wiki tatu, halafu akapotea mwaka mzima.

Nazungumzia mafundi wa madawati. Na nazungumza nanyi kwa sababu wengi wetu humu, hasa sisi wa ualimu, ndio tutakaokuwa huyo mteja.

Kwa asiyepajua, Usagara ni njia panda iliyoko wilaya ya Misungwi. Ukitoka Mwanza mjini kwenda Shinyanga lazima upapite, na ukikata kulia unaelekea Kigongo, Busisi, Sengerema hadi Geita. Kandokando ya barabara wapo wachomeleaji na maseremala. Wanatengeneza mageti, madirisha ya grili, vitanda, makochi na madawati. Karakana nyingi ni watu wawili, watatu, wanne, mashine moja ya kuchomelea, randa, meza ya kazi na turubai la kukinga jua.

Baba yangu mdogo ana karakana ya namna hiyo. Wako watatu, yeye na vijana wawili. Ukimtazama akifanya kazi utaelewa kwamba dawati ni mnyororo wa kazi kadhaa. Kwanza mabomba ya pembe nne yanakatwa kwa vipimo. Yanachomelewa, yanasuguliwa, yanapakwa rangi ya kuzuia kutu, yanaachwa yakauke, ndipo rangi ya juu inafuata. Upande wa pili mbao zinapasuliwa, zinarandwa, zinapigwa msasa na vanishi, kisha zinafungwa kwenye fremu kwa bolti. Na kabla ya yote hayo kuna hatua ambayo mteja haioni kabisa, nayo ni mbao kukauka. Mbao iliyotoka msituni juzi bado ina maji. Ukiifunga hivyohivyo, baada ya miezi michache inajikunja, inapasuka, bolti zinalegea, na mtoto anachanika sketi.

Sasa tufanye hesabu kidogo, si kubwa. Tuchukulie karakana ya watu watatu inamaliza madawati matatu kwa siku ya kawaida, umeme ukiwepo. Tuchukulie pia kwamba kwa mwaka mzima itapata oda ya madawati 300. Swali ni hili: hayo 300 yanakujaje?

Mwaka wa kwanza yanakuja 25 kila mwezi. Madawati 25 ni kazi ya siku nane au tisa. Siku zinazobaki wanatengeneza mageti na vitanda vya wateja wengine. Fundi anajua mwezi ujao atahitaji mbao kiasi gani, kwa hiyo anazinunua mapema na kuziacha zikauke. Vijana wake wawili wana uhakika wa kipato, kwa hiyo hawakimbilii bodaboda. Mwisho wa mwaka wamemaliza 300 na hakuna aliyekesha.

Mwaka wa pili yanakuja yote 300 kwa mkupuo, na yanatakiwa ndani ya wiki tatu. Ukitoa Jumapili hizo ni siku 18. Kugawa 300 kwa 18 unapata karibu madawati 17 kwa siku. Karakana inayotoa matatu kwa siku itakuwa imemaliza 54 siku hizo zikiisha, na 246 hayapo. Fundi ana njia mbili tu. Aikatae oda, au atafute vibarua wasiojua kazi, akodi mashine ya pili, anunue mbao yoyote iliyopo sokoni hata kama bado inanuka utomvu, na akope hela ya mabomba. Na mkopo wa haraka mtaani unaujua jina lake: kausha damu. Halafu baada ya wiki hizo tatu vibarua wanaondoka, mashine inarudishwa, kwa miezi kumi na moja hakuna oda ya dawati hata moja, na malipo yenyewe yanaweza kuchelewa huku riba inahesabika.

Nilimuuliza baba mdogo kwa nini siku hizi anasitasita kupokea oda kubwa, wakati kila mtu anadhani ndizo dili. Alinijibu, "Mwanangu, oda ndogo nikiikosa nalala njaa siku moja. Oda kubwa nikiipata vibaya nalala na deni mwaka mzima."

Sisi wa ualimu hili hatupaswi kushangaa, maana tunalisoma kila siku kwenye upimaji na tathmini. Madarasa mawili yanaweza kuwa na wastani uleule wa 50. Darasa la kwanza wanafunzi wote wamepata kati ya 45 na 55. Darasa la pili nusu wamepata 10 na nusu 90. Wastani ni mmoja, lakini mwalimu anayeandaa somo moja kwa madarasa yote mawili ataumbuka kwenye lile la pili. Ndiyo maana tunafundishwa kuangalia na mtawanyiko, siyo wastani peke yake. Fundi naye yuko hivyohivyo. Wastani wa oda zake ni 25 kwa mwezi katika miaka yote miwili. Kinachoamua kama ataishi au atafunga ni mtawanyiko.

Sasa nani anautengeneza huo mtawanyiko? Hapa ndipo penye hoja yangu.

Ungedhani mahitaji yenyewe ndiyo yanaruka. Lakini hebu fikiria bidhaa hii ni ya nani. Mtoto hazaliwi kwa dharura. Anayeanza darasa la kwanza leo alizaliwa miaka sita au saba iliyopita, na aliyeanza darasa la kwanza anajulikana tarehe atakayofika kidato cha kwanza. Hakuna mteja duniani anayetoa taarifa mapema kuliko mwanafunzi.

Angalia mfano wetu wenyewe. Januari 2016 elimu bila ada ilipoanza, watoto walimiminika darasa la kwanza kwa idadi ambayo nchi haikuwahi kuiona, zaidi ya milioni 2. Madawati hayakutosha, na Rais Magufuli akawaagiza viongozi wa mikoa na wilaya wahakikishe yamepatikana ifikapo mwisho wa Juni 2016. Aprili mwaka huohuo Bunge likatoa shilingi bilioni 6 lilizobana kwenye matumizi yake ili zinunue madawati, na kazi wakapewa JKT na Magereza. Sibezi hata kidogo. Watoto walikuwa wamekaa chini, na mtoto aliyekaa chini hawezi kungoja nadharia yangu ya mtawanyiko.

Lakini watoto haohao wa 2016 kila mtu mwenye vidole alijua wangemaliza darasa la saba 2022 na kuingia kidato cha kwanza Januari 2023. Miaka saba ya taarifa! Na bado hela ya vyumba 8,000 vya kuwapokea, shilingi bilioni 160, ilitoka miezi ya mwisho ya 2022, na vyumba vikatakiwa viwe tayari kabla ya Januari. Mwaka mmoja kabla, mwishoni mwa 2021, tulikuwa na vyumba 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, vikiwemo 12,000 vya sekondari, navyo pamoja na viti na meza vilitakiwa ndani ya miezi michache. Tukiweka wanafunzi 40 kwa chumba, vyumba 12,000 ni viti 480,000 na meza 480,000. Nchi nzima, kwa wakati mmoja, inatafuta mbao zilezile, mabomba yaleyale na mafundi walewale. Hapo bei ya mbao itashukaje?

Tatizo hili si letu peke yetu, na wenzetu walishalipa jina. Kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilichunguza oda za nepi zake za Pampers. Watoto wachanga wanatumia nepi kwa kasi ileile kila siku, hawana msimu. Madukani mauzo yalipandashuka kidogo tu. Lakini oda za wauzaji wa jumla kwenda kiwandani zilirukaruka zaidi, na oda za kiwanda kwenda kwa wauza malighafi zikarukaruka kupita zote. Mwaka 1997 Hau Lee wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wawili waliandika juu ya jambo hili, ambalo linaitwa athari ya mjeledi. Mchungaji yeyote wa Kisukuma anaielewa bila kwenda Stanford. Mkono unatikisika kidogo, ncha ya mjeledi inapiga kishindo. Moja ya sababu walizozitaja ni mteja kukusanya mahitaji yake ya muda mrefu na kuyaagiza kwa mkupuo. Fundi wa Usagara ndiye aliyesimama kwenye ncha.

Na sisi wa kanda hii tuna somo jingine hapohapo jirani. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, magari yalingoja kivuko. Kivuko kinakusanya magari ya muda mrefu, kinayavusha pamoja, kisha kinayaachia yote barabarani kwa mara moja. Daraja linapitisha gari lilipofika. Oda zetu za madawati bado zinasafiri kwa kivuko.

Tusijifanye malaika pia, maana tabia hii tunaiishi hapa chuoni. Fulana za darasa 200 zinaagizwa Jumatano, zinatakiwa Ijumaa, na fundi akichapa vibaya tunamtukana kwenye grupu. Bumu likiingia kila mtu anataka wali kuku, likikata wote tunahamia ugali nusu na maharage, na mama ntilie hana mtu wa kumwambia kesho apike masufuria mangapi. Chakula kikibaki hasara ni yake, kikiisha saa saba mchana lawama ni zake. Wenye mashine za fotokopi wanakaa kimya wiki nane, kisha wiki moja kabla ya UE wanapangiwa foleni hadi usiku. Halafu tunakaa kwenye semina za ujasiriamali tunasema Watanzania hawajui kuhudumia wateja. Hivi umewahi kujiuliza kama wateja wanajua kuagiza?

Najua mtakavyonijibu.

Wa kwanza atasema hela ya Serikali haitoki kila mwezi, ikija inakuja yote na lazima itumike kabla mwaka wa fedha haujafungwa Juni 30. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini tangu elimu bila ada ianze 2016, ruzuku ya uendeshaji imepangwa kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za shule kila mwezi. Kwa hiyo kutuma fedha kwa vipande kunajulikana, siyo miujiza. Na hata pale fedha inapokuja kwa mkupuo, mkataba unaweza kuwa mmoja na mzigo ukapokelewa kwa awamu. Ununuzi wa umma unaijua mikataba ya aina hiyo, ambapo bei inakubaliwa mara moja na bidhaa zinaitwa kidogokidogo zinapohitajika.

Wa pili, huyu wa biashara, atasema ukinunua kwa wingi unapata bei nzuri. Inategemea wingi wa nini. Ukinunua mabomba mengi duka litakupunguzia, sawa. Lakini mikono ya fundi haiuzwi kwa jumla. Ukivuka uwezo wake wa kawaida, kila dawati linaloongezeka linakuwa ghali zaidi, maana kuna kibarua mpya, kuna usiku, kuna riba. Usipolilipia kwa hela utalilipia kwa ubora. Dawati la mbao mbichi linalovunjika baada ya mwaka mmoja siyo bei nzuri, hata kama risiti inasema hivyo. Tena fundi anayejua ratiba yake ya mwaka ndiye anayeweza kuungana na wenzake wakanunua mabomba kwa jumla. Wingi wa malighafi na utulivu wa oda havipingani.

Wa tatu atasema, basi tuwape wakubwa wenye uwezo, tuachane na karakana za watu watatu. Wakubwa wana nafasi yao, na 2016 walihitajika. Lakini sheria ya ununuzi inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kundi la vijana sita wa uchomeleaji wa Misungwi linaweza kabisa kutengeneza madawati 40 kwa mwezi. Haliwezi kutengeneza 480 kwa mwezi mmoja. Ukiitangaza kazi kama 480 kwa mwezi, hiyo asilimia 30 inabaki kwenye karatasi, na hakuna aliyewafukuza. Saizi ya oda ndiyo iliyowafukuza. Na isitoshe, dawati likivunjika mguu Machi, mkuu wa shule atamtafuta fundi wa jirani. Ni vizuri fundi huyo awe bado yupo.

Sasa niwaambie kwa nini naandika leo na siyo mwakani.

Mitaala iliyoboreshwa ilianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Waliokuwa la tatu mwaka ule watamaliza darasa la sita 2027, na kwao huo ndio mwisho wa shule ya msingi. Waliokuwa la nne mwaka uleule wanaendelea na utaratibu wa zamani, nao watamaliza darasa la saba 2027 hiyohiyo. Maana yake ni kwamba Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mlango mmoja. Ratiba iko wazi, imetangazwa, hata mtoto wa la tano anaijua.

Chukua shule ya kata inayopokea wanafunzi 200 wa kidato cha kwanza. Itapokea kama 400. Inahitaji viti na meza seti 200 za ziada. Ikiagiza seti 10 kila mwezi, ndani ya miezi 20 imemaliza, kwa mafundi wa kijiji chake, kwa mbao zilizokauka. Ikingoja Desemba 2027 itaagiza seti 200 pamoja na kila shule nyingine ya Tanzania, mwezi mmoja, kwa mafundi walewale. Hapo tutasikia tena neno "dharura" redioni, na itakuwa dharura iliyopigiwa hodi miaka minne kabla.

Wengi wetu tunaosoma ualimu sasa tutakuwa tumeshamaliza. Wengine tutakuwa ndani ya madarasa hayo, tumesimama mbele ya watoto 80 wenye viti 40.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na yote yanawezekana bila sheria mpya. La kwanza, kila halmashauri ichukue idadi ya wanafunzi wa madarasa ya chini iliyonayo tayari, itoe mahitaji ya viti, meza na madawati kwa miaka mitatu ijayo, na iyabandike ukutani kama inavyobandika mapato na matumizi, ili mafundi wayaone. La pili, oda ziwe na ratiba ya kupokea kwa awamu, kila awamu ikilingana na uwezo wa mtoaji, na kila awamu ilipwe ikipokelewa. La tatu linahusu hapa nyumbani. Serikali yetu ya wanafunzi ikusanye mwanzoni mwa muhula mahitaji ya madarasa na vyama vyote, yaani fulana, chakula cha mahafali na uchapaji, na iwape watoa huduma kalenda yake pamoja na kianzio. Tukishindwa kwa fulana 200 hatutaweza kwa madawati.

Kampuni kubwa kama Toyota ya Japani imejenga utaratibu mzima wa kusawazisha uzalishaji ili kiwanda kisifukuzwe leo na kulazwa kesho. Kama kiwanda chenye maelfu ya wafanyakazi kinaogopa oda za kurukaruka, karakana ya watu watatu chini ya turubai ifanyeje?

Kwenye TP tunafundishwa kuandaa andalio la somo, kusimamia darasa, kujaza shajara ya kazi. Hakuna anayetufundisha kuagiza dawati, lakini mwalimu mkuu ndiye anayekaa na kamati ya shule, anayechagua fundi na kutia saini. Siku ukipewa muhuri wa shule, kabla hujaandika idadi na tarehe kwenye karatasi, nenda hadi karakana umuulize fundi swali moja: "Kwa wiki, ukifanya kazi vizuri na mbao zikiwa zimekauka, unatoa mangapi?" Kisha panga oda yako kuanzia kwenye jibu lake.